Ndai Ndogo, Kelele Kubwa: Vile Utachagua na Kufunga Ekzosi Tulivu Bila Kuchomwa Doh

Kuna kelele ya gari msee hupenda akiwa na miaka kumi na tisa. Halafu siku moja unawasha ndai saa kumi asubuhi uende kazi, na kabla hata urudishe nyuma unaskia mtoto wa jirani ameanza kulia ghorofa ya kwanza.

Yalinipata hayo. Nilikuwa nimenunua Vitz ya 1.0 kwa msee wa mtaa, nikaanza kubeba abiria usiku kwa app ya teksi, ju kolegi niliachia mwaka wa pili na rent haijui hiyo stori. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ametoa silensa ya nyuma akachomelea paipu moja kwa moja hadi kwa bampa, mwishoni akaweka mdomo wa kung'aa mkubwa kama sufuria ya ugali. Ilikuwa injini ya vipistoni vitatu, lakini ukiiskia kwa giza ungedhani ni Subaru inarudi Rongai na hasira.

Wiki ya tatu mama mtoto aliningoja kwa geti. Hakunifokea. Alisema tu, "Kijana, sina shida na kazi yako. Lakini huyu analala saa nane, na wewe unatoka saa kumi." Sikuwa na jibu. Abiria nao walikuwa wanaongea na simu zao: nyota zangu zilianza kushuka, na mmoja aliandika ati kichwa kilimuuma kutoka Ruiru hadi Westlands. Hapo sasa ikawa ni unga inaguswa.

Kwa hivyo hii ni ya wewe uko na gari ndogo, iwe Vitz, Passo, Demio, Note, March ama Fit, na unataka inyamaze. Nitasema jambo kubwa mapema ili hata ukiachia hapa utoke na kitu: utulivu hauletwi na mdomo wa kung'aa wala jina limechorwa kwa mkebe. Unaletwa na ukubwa wa mkebe na njia moshi unapitia ndani yake. Na usinunue chochote kabla ujue kelele yako ni gani. Mimi nilinunua kwanza, ndio maana nililipa mara mbili.

Skiza kwanza, lipa baadaye

Kelele si moja. Kama asubuhi injini ikiwa baridi unaskia tik-tik-tik kutoka mbele, na dakika chache baadaye inapotea, hiyo mara nyingi ni ufa ama gasketi imechoka karibu na manifoldi. Chuma kikipata joto kinapanuka, kinaziba ule mwanya, kelele inaisha hadi kesho. Hakuna silensa duniani itaponya hiyo. Unahitaji gasketi.

Kama ni njuga, kitu kinatetemeka kama sarafu kwa mkebe, angalia lile bati la kuzuia joto juu ya paipu. Bolti zake huoza na bati linaanza kucheza. Gari ikiwa baridi, gonga na ngumi kila mahali kutoka mbele hadi nyuma. Ukigonga silensa yenyewe na uskie vyuma vinatembea ndani, kuta zake za ndani zimevunjika na hiyo ni ya kubadilisha.

Kama ni mngurumo mzito wakati wote, ama silensa imetoboka ama, kama yangu, haiko kabisa.

Halafu kuna ile mbaya kuliko zote: mvumo. Nje gari inaskika sawa, lakini ndani, revu zikifika mahali fulani, masikio yanajaa kama umeingia ndani ya ngoma. Ukiongeza mwendo inapotea, ukipunguza inapotea, ukishikilia hapo hapo inakula kichwa. Hiyo ndiyo iliniua nyota.

Ili ujue kama kuna mahali moshi unavuja, fanya hivi na mtu wa pili. Injini ikiwa imewashwa tu, bado baridi, mmoja avae glavu azibe mdomo wa nyuma na tambara nene kwa sekunde tatu hivi. Mwingine askize chini ya gari. Penye kuna tundu patapiga mluzi ama tsss. Fanyia nje, mahali pana hewa, na usishikilie hiyo tambara kama umelipwa kuizimisha. Ukitaka kuona badala ya kuskia, pakaa povu la sabuni kwa viungo kabla chuma kipate moto. Povu litajaa mapovu makubwa pale kunavuja.

Mvuja wa mbele si kelele tu. Karibu na manifoldi kuna sensa ya oksijeni inayoambia kompyuta ya gari moshi ukoje. Hewa ya nje ikiingia kwa ule ufa, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Unanunua mafuta ya kuchoma bure, na bado una kelele.

Mkebe una nini ndani

Kila valvu ya moshi ikifunguka, presha inatoka kwa kishindo. Vishindo vikifuatana haraka ndio sauti unaskia. Kwa injini ya vipistoni vinne, kila mzunguko mmoja hutoa vishindo viwili. Kwa vipistoni vitatu ni kimoja na nusu. Sasa piga hesabu: kwa revu 3,000, injini inazunguka mara 50 kwa sekunde. Ya vipistoni vinne inatoa vishindo 100 kwa sekunde, ya vitatu inatoa 75. Hiyo 75 ni besi nzito zaidi, na besi nzito ndiyo ngumu kuzuia na ndiyo inapenda kutikisa kibanda cha gari ndogo. Kwa hivyo ukiwa na Vitz ya 1.0, Passo ya 1.0, ama Note na March za 1.2, usichukue ushauri wa msee wa Demio ya 1.3 ama Fit ukidhani ni kitu moja. Hizo zake ni vipistoni vinne.

Kuna mikebe ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ina vyumba: kuta ndani, vipaipu vinavyopeleka moshi mbele, unarudi nyuma, unapita tena. Mawimbi ya sauti yanagongana na kurudishana hadi yanachoka. Hii ndiyo kampuni nyingi za magari huweka kutoka kiwandani, na ndiyo kali kwa besi. Ya pili ni paipu iliyonyooka, imetobolewa matundu mengi, imezungushiwa pamba ya glasi. Sauti inapita kwa matundu, pamba inaimeza na kuigeuza joto. Hii hukata zile sauti kali za juu, zile za kuwasha masikio, lakini besi inaipita ikicheka, hasa kama mkebe ni mdogo. Na ile pamba haikai milele. Joto na presha huila pole pole, ndio unaona silensa ilikuwa poa ikinunuliwa, halafu baada ya muda inaanza kupiga makelele na hakuna tundu popote.

Katikati kuna ile moshi unapita ukichora S, na vyumba viwili vitatu hapo kando. Kwa gari ndogo ya mtu anayetaka amani, hiyo ni chaguo la heshima.

Resoneta ni ule mkebe mdogo wa katikati, kabla ya silensa. Wasee wengi huutoa wakidhani ni mzigo. Ule umewekwa kupiga sauti fulani hasa, na mara nyingi hiyo sauti ni ule mvumo unaoulalamikia leo.

Kosa langu la kwanza

Nilienda Kirinyaga Road, penye wazee bado wanaita Grogan, nikaona mkebe mviringo, mwembamba, unang'aa kama simu mpya. Muuzaji alinigongea na kidole, "Boss, hii inanyamazisha hadi lori." Nikaufunga. Zile kelele kali zilipungua kweli, mama mtoto akanipungia mkono asubuhi moja. Lakini nikianza kupanda mlima, revu zikiwa kati ya 2,500 na 3,000, mvumo ulikuwa pale pale. Ukiangalia ndani na tochi uliona moja kwa moja hadi upande wa pili, kama darubini. Paipu yenye matundu, pamba kidogo, mkebe mdogo. Yaani nilinunua dawa ya mafua nikiwa na malaria.

Kuna ujanja wa kupigana na mvumo ambao utauona kwa video: kuchomelea paipu ya kando iliyozibwa mwisho, urefu wake ukiwa robo ya wimbi la ile sauti. Inafanya kazi. Lakini piga hesabu kabla fundi akuuzie. Ndani ya moshi wa nyuzi 300 hivi, sauti inasafiri karibu mita 480 kwa sekunde. Kwa sauti ya vishindo 75, robo ya wimbi ni mita 1.6. Utaiweka wapi chini ya Vitz? Hiyo ni ya magari marefu na injini kubwa.

Kilichonitoa kwa hiyo shida kilikuwa rahisi: mkebe mkubwa wa umbo la yai, wenye vyumba, mahali pa silensa ya nyuma, na resoneta katikati. Hakuna kitu kinang'aa. Hakuna mtu atapiga picha.

Vile unachagua ukiwa kwa duka

Beba tepu. Lala chini ya gari kwanza, gari ikiwa baridi na imewekwa kwa stendi, na upime nafasi iliyopo: urefu, upana, na kimo hadi chini. Chukua mkebe mkubwa zaidi unaoweza kukaa hapo bila kugusa kitu. Kati ya mikebe miwili ya muundo sawa, mkubwa hushinda karibu kila wakati.

Unene wa paipu acha vile ulivyokuja. Gari za 1.0 hadi 1.5 huja na paipu ya inchi moja na nusu hadi moja na robo tatu hivi. Msee akikuambia uweke ya inchi mbili na nusu ili gari "ipumue", muulize inapumua hewa ya nani. Injini ndogo haina moshi wa kujaza hiyo paipu. Unapata kelele zaidi na nguvu haionekani.

Angalia ndani na tochi. Ukiona mwanga upande wa pili, hiyo ni ya paipu iliyonyooka. Usipoona, kuna vyumba ama S. Inua: mkebe wa bati jembamba ni mwepesi, na bati jembamba lenyewe hutetemeka likapiga kelele kama ngoma ya pili. Tikisa: usiskie kitu.

Chuma chenyewe kiko cha bei tatu. Chuma cheusi cha kawaida ni rahisi na hushika kutu mbio. Chuma kilichopakwa alumini hukaa zaidi. Chuma kisichoshika kutu ndicho ghali. Wauzaji hupenda kukutolea sumaku: "Ona, haishiki, hii ni original." Sawa, ile daraja ya 304 haishiki sumaku vizuri. Lakini daraja ya 409, ambayo viwanda vingi hutumia kwa ekzosi, inashika. Kwa hivyo sumaku kushika haimaanishi umeuziwa takataka. Na paipu ya maji, ile ya mabati yenye zinki, usikubali kabisa. Ikichomelewa hutoa moshi wa zinki, fundi anaamka na homa na kutetemeka, na ile zinki inaungua bado.

Kwa vile gari zetu nyingi zimetoka Japani, mikebe mingi ya mitumba pia imetoka huko. Japani kuna chama cha watengenezaji wa silensa za michezo kinaitwa JASMA, na mkebe uliopitishwa huwa na kibati chake. Gari ya kawaida yenye injini mbele ilikuwa inaruhusiwa desibeli 96 ikipimwa karibu na mdomo. Kwa hivyo hicho kibati hakimaanishi kimya, kinamaanisha haikupita sheria ya huko. Kama unatafuta ile imetengenezwa kwa nia ya kutulia, HKS wana Legamax na Fujitsubo wana Authorize. Lakini hakikisha imetengenezewa modeli yako kabisa, ama utalipa fundi kuikata na kuiunga hadi isifanane na kitu ulinunua.

Sasa maoni yangu ambayo yatakera watu. Kama lengo lako ni kimya tu, silensa ya kampuni iliyotoka kwa gari kama yako, mtumba mzima usio na kutu, hushinda nyingi za kung'aa. Wahandisi waliipima kwa injini hiyo hiyo. Ukiikosa ama ikiwa imeoza, chukua ile ya vyumba ya saizi kubwa na resoneta. Mkebe wa jua kali nao usiudharau. Kariobangi Light Industries kuna mafundi wanakunja bati na kuweka vyumba mbele yako. Faida ni kwamba unaona kinachoingia ndani kabla kifungwe. Simama hapo. Ukienda kununua soda utarudi upate umefungiwa hewa.

Kuhusu masega

Hii nitaisema polepole. Kati ya manifoldi na resoneta kuna kataliti, ile kitu mafundi huita masega ju ndani inafanana na sega la nyuki. Ina platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali kushinda vile gari yako inafanana. Ndiyo inasafisha moshi, na pia inapunguza kelele kiasi.

Kuna fundi atakuambia, "Buda, hii imeziba, nitoe nikuwekee paipu, na hiyo silensa nitakufungia bure." Hakuna silensa ya bure. Ametoa kitu chenye bei kubwa kuliko kazi yote, wewe umebaki na kelele zaidi, harufu ya moshi mbichi, na taa ya injini imewaka ju sensa ya pili, ile ya baada ya masega, imejua kuna kitu haiko. Kama kweli imeziba, gari ingekosa nguvu ikipanda mlima na injini ingepata moto sana. Apime presha akuonyeshe. Na hata ikitolewa kwa sababu ya kweli, ile ya zamani ni yako. Iende nyumbani na wewe.

Siku ya kufunga

Jioni ya kabla, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwa kila bolti. Hizi bolti zimepikwa miaka mingi na zinapenda kukatika, na bolti ikikatikia kwa flanji ya masega, kazi ya saa moja inakuwa ya siku.

Gari isimame kwa stendi, si kwa jeki pekee. Jeki ni ya kuinua. Stendi ndiyo ya kushikilia. Msee akilala chini ya gari iliyoshikwa na jeki na jiwe, usimshike tochi, mwambie atoke.

Raba za kuning'inizia zikikataa kutoka, maji ya sabuni yanasaidia kuliko nguvu. Angalia kama zimepasuka, na kama zimepasuka badilisha zote pamoja. Ni za bei ya chakula cha mchana na ndizo zinazuia mtetemo usipande kwa sakafu. Wako wanaofunga ekzosi na waya wa kufungia mjengo. Hiyo waya inapeleka mtetemo wote ndani ya gari, halafu wanashangaa mvumo unatoka wapi.

Gasketi mpya kila kiungo. Hakuna ya "hii bado iko sawa". Kwa Toyota nyingi utapata kiungo cha mviringo chenye bolti mbili zenye springi. Zile springi ziko hapo ili paipu icheze kidogo injini ikitikisika. Zikipotea na fundi aweke bolti ya kawaida akaze hadi mwisho, kitu kingine kitapasuka mahali pengine.

Kama ni kuchomelea, toa waya hasi wa betri kwanza, na kibano cha ardhi cha mashine kishikwe karibu na mahali panachomelewa, si upande mwingine wa gari. Umeme wa mashine ukipita kwa kompyuta ama oltaneta, utajuta zaidi ya kelele. Tangi la petroli na paipu zake ziko karibu sana na silensa kwa gari ndogo. Kipande kikatwe, kipimwe, kigongwe nukta mbili tatu za kushikilia kikiwa kwa gari, halafu kitolewe kichomelewe kikamilifu chini, mbali na tangi. Fundi asiye na kizima moto karibu, mimi huondoka.

Usikaze kitu hadi vyote vimening'inia. Weka legelege kutoka mbele hadi nyuma, zungusha mkebe hadi ukae sawa, halafu kaza ukianzia mbele. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mkebe na kila kitu: ekseli, tangi, paipu ya breki, kebo ya hendibreki, bampa. Na hapa wengi hukosea: gari ikiwa juu, magurudumu yananing'inia na ekseli iko chini. Ikishuka na wasee wanne ndani, ekseli inapanda. Ishushe, weka watu, angalia tena. La sivyo bampu ya kwanza itakuambia.

Mdomo wa nyuma lazima utoke nje ya bodi. Sijali fundi amebakisha paipu ya urefu gani. Ukiishia chini ya buti, moshi unakusanyika huko na kuingia ndani kupitia mpira wa mlango uliochoka. Ndani ya huo moshi kuna kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inaanza na kichwa kuuma na usingizi, kitu msee wa kazi ya usiku atadhani ni uchovu. Yule abiria wangu wa Ruiru alisema kichwa kinauma. Nilidhani ni kelele. Tulipofungua, kiungo kimoja chini ya kiti cha nyuma kilikuwa kimepasuka nusu. Hadi leo sijui ilikuwa ipi kati ya hizo mbili, na hiyo inanisumbua. Ukihisi hivyo ndani ya gari, fungua madirisha, simama, toka. Na usilale ndani ya gari injini ikinguruma, hata kama nje ni baridi ya Limuru.

Baada ya kufunga

Dakika za kwanza moshi mwepesi utatoka kwa mkebe mpya. Ni mafuta ya kiwandani na rangi inaungua, usipige simu kwa zimamoto. Rudia ile ya tambara. Halafu baada ya kilomita mia mbili hivi, gari ikiwa baridi, kaza bolti tena. Chuma kikipata moto na kupoa mara kadhaa, bolti hulegea.

Ukitaka namba, simu yako inaweza kupima, lakini mikrofoni ya simu si nzuri kwa besi, kwa hivyo itumie kulinganisha kabla na baada tu. Simu ikae nusu mita kutoka kwa mdomo, kwa pembe ya nyuzi 45, si mbele ya moshi, mahali pamoja, revu zilezile. Tofauti ya desibeli 10 sikio huiskia kama nusu ya kelele. Ukipata hata tano, jirani ataiskia.

Kanuni za NEMA za kelele za 2009 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makao ya watu, na usiku wenyewe unaanza saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Thelathini na tano ni kama mtu ananong'ona. Hakuna gari itawaka kwa hiyo namba, lakini sanse akikusimamisha na paipu tupu usiku, hana kazi ngumu ya kukueleza kosa.

Jambo la mwisho ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Ukiendesha safari fupi fupi, keja hadi duka, ekzosi haipati joto la kukausha, na maji yanalala ndani ya mkebe yakila chuma kutoka ndani. Mikebe mizuri ina tundu dogo la sindano upande wa chini. Fundi mwenye bidii nyingi ataliona na kuliziba na moto. Mwambie aliache, liko hapo kwa kazi. Na kama wewe ni wa safari fupi, mara moja kwa wiki shika Thika Road dakika ishirini, ukaushe hiyo kitu.